Kasi na Uhakika: Historia ya Programu za Kompyuta za Kupima Namba Tasa Kubwa, 1952–2024

Ikisiri

Insha hii inachunguza historia ya programu za kompyuta zinazotumika kupima namba tasa kubwa, hususan namba tasa za Mersenne, kuanzia mwaka 1952 hadi 2024. Masimulizi yaliyozoeleka huieleza historia hiyo kwa kuhesabu tarakimu na kusifu mashine zilizozidi kwenda kasi. Insha inajenga hoja kwamba kasi ni upande mmoja tu wa historia hiyo. Upande wa pili, ambao ndio mzito zaidi kwa mwanahistoria wa sayansi, ni swali la uhakika: jibu lililotolewa na mashine baada ya mamilioni ya hatua, ambalo hakuna binadamu awezaye kulikagua kwa macho, linaaminiwaje? Insha inaonesha kwamba jibu la swali hilo limepitia vipindi vitatu, yaani kuamini sifa ya mtendaji, kurudia hesabu yote, na hatimaye kulitaka jibu lije na uthibitisho wake.

1.0 Utangulizi

Namba tasa ni namba nzima iliyo kubwa kuliko 1 ambayo haigawanyiki bila baki isipokuwa kwa 1 na kwa yenyewe. Euclid alikwisha kuonesha kwamba namba hizo hazina mwisho. Kwa hiyo, hakuna shaka kwamba namba tasa kubwa kuliko zote zinazojulikana zipo. Tatizo ni kuitaja moja waziwazi na kuthibitisha utasa wake. Kwa namba ndogo, mtu hujaribu kuigawanya kwa namba tasa zote zisizozidi kipeo chake cha pili cha asili, yaani mzizi wake wa mraba. Kwa namba yenye maelfu ya tarakimu, njia hiyo haifiki popote, hata mashine zote za dunia zikitumika.

Namba za Mersenne zimepewa jina la mtawa na mwanahisabati Mfaransa Marin Mersenne. Ni namba zenye umbo la 2^p − 1, ambapo p yenyewe ni namba tasa. Si kila namba ya umbo hilo ni tasa. 2^5 − 1, ambayo ni 31, ni tasa, lakini 2^11 − 1, ambayo ni 2,047, ni zao la 23 na 89. Umbo hili linapendelewa kwa sababu mbili. Kwanza, kipo kipimo maalumu cha utasa wake ambacho hakihitaji kutafuta vigawo. Pili, kompyuta huandika namba kwa tarakimu 0 na 1 pekee, na katika mfumo huo kugawanya kwa 2^p − 1 na kubakiza baki ni kazi nyepesi: sehemu ya juu ya namba hukatwa na kujumlishwa na sehemu ya chini. Ndiyo maana historia ya programu za kupima namba tasa kubwa kabisa ni, kwa sehemu kubwa, historia ya namba za Mersenne.

2.0 Usuli: Orodha Iliyochukua Karne Tatu Kusahihishwa

Mwaka 1644 Mersenne alichapisha orodha ya vipeo alivyodai kwamba hutoa namba tasa hadi kufikia 257, yaani 2, 3, 5, 7, 13, 17, 19, 31, 67, 127 na 257. Madai hayo hayakuambatana na uthibitisho. Mwaka 1772 Leonhard Euler alithibitisha kwamba 2^31 − 1 ni tasa. Mwaka 1876 Édouard Lucas alithibitisha utasa wa 2^127 − 1, namba yenye tarakimu 39, kwa hesabu ya mkono. Mwaka huohuo alionesha kwamba 2^67 − 1, iliyokuwamo katika orodha, si tasa, ingawa hakutaja vigawo vyake. Vigawo hivyo, 193,707,721 na 761,838,257,287, vilitolewa na F. N. Cole mwaka 1903.

Makosa mengine yalijitokeza taratibu. Ivan Pervushin alionesha mwaka 1883 kwamba kipeo 61 kiliachwa kimakosa. R. E. Powers alifanya hivyo kwa kipeo 89 mwaka 1911 na kwa kipeo 107 mwaka 1914. Kipeo 257, kwa upande wake, kiliingizwa kimakosa. Ukaguzi wa vipeo vyote vya orodha hiyo ulikamilika mwaka 1947, miaka 303 baada ya kuchapishwa.

Usuli huu unabainisha jambo la msingi kwa insha hii. Orodha ya Mersenne ilikaa muda mrefu kwa sababu ya heshima ya aliyeitoa na kwa sababu gharama ya kuikagua ilikuwa kubwa kuliko uwezo wa wakaguzi. Hali hiyo haikuondoka kompyuta ilipoingia. Ilibadilika sura tu.

3.0 Kipimo cha Lucas-Lehmer na Udhaifu Wake

Kipimo cha Lucas kiliboreshwa na D. H. Lehmer mwaka 1930, na tangu hapo kinaitwa kipimo cha Lucas-Lehmer. Hatua zake ni chache. Huanza na namba 4. Katika kila hatua, namba iliyopo huzidishwa kwa yenyewe, hutolewa 2, kisha jibu hugawanywa kwa 2^p − 1 na baki pekee hubakizwa. Kazi hiyo hurudiwa mara p − 2. Baki la mwisho likiwa 0, namba ni tasa; lisipokuwa 0, namba si tasa. Kipimo hiki ni uthibitisho kamili kwa kila p iliyo namba tasa ya witiri.

Kwa mfano, ili kupima 31, ambapo p ni 5, hatua ni tatu. Hatua ya kwanza, 4 hutoa 14. Hatua ya pili, 14 hutoa 194, ambayo baki lake kwa 31 ni 8. Hatua ya tatu, 8 hutoa 62, ambayo baki lake ni 0. Kwa hiyo 31 ni tasa.

Sasa ichukuliwe kwamba mpigaji hesabu alikosea katika hatua ya pili, akaandika 193 badala ya 194. Baki lingekuwa 7 badala ya 8, na hatua ya tatu ingetoa 47, ambayo baki lake ni 16. Namba 31 ingetangazwa kwamba si tasa. Mfano huu mdogo unabeba udhaifu wote wa kipimo. Kosa moja, popote lilipotokea, huharibu kila kinachofuata. Aidha, jibu lililoharibika halina alama yoyote ya kulitofautisha na jibu sahihi: 16 ni baki kama mabaki mengine. Zaidi ya hayo, kosa la kubahatisha halielekei pande zote kwa usawa. Ni nadra mno kwa kosa kama hilo kuzalisha 0 kwa bahati, lakini kosa lolote laweza kuifuta 0 iliyostahili kupatikana. Hatari kuu, basi, ni namba tasa ya kweli kupitwa na kuandikwa miongoni mwa namba zisizo tasa. Namba hiyo ikishaandikwa hivyo, hakuna atakayerudi kuitafuta.

4.0 Mashine za Kwanza, 1949–1963

Jaribio la mapema la kutumia kompyuta lilifanyika mwaka 1949 katika Chuo Kikuu cha Manchester, Uingereza, na Alan Turing alikuwa miongoni mwa walioshiriki. Hawakupata namba tasa mpya ya Mersenne. Kipeo kinachofuata baada ya 127 ni 521, na utafutaji wao haukufika huko. Mwaka 1951 J. C. P. Miller na D. J. Wheeler walitumia kompyuta ya EDSAC ya Cambridge kupata namba tasa yenye tarakimu 79, ambayo haikuwa ya umbo la Mersenne.

Mafanikio makubwa yalipatikana tarehe 30 Januari 1952. Raphael Robinson, mwanahisabati wa Chuo Kikuu cha California huko Berkeley, aliandika programu ya kipimo cha Lucas-Lehmer kwa ajili ya kompyuta ya SWAC iliyokuwa Los Angeles. Aliiandika kwa kusoma maelezo ya mashine bila kuwahi kuiona, na programu ilifanya kazi sawasawa tangu ilipowekwa kwa mara ya kwanza. Kumbukumbu ya SWAC ilikuwa na nafasi ya maneno 256 tu, na humo programu ilipaswa kukaa pamoja na namba zinazozidishwa. Siku hiyohiyo utasa wa 2^521 − 1 na wa 2^607 − 1 ulithibitishwa. Kabla ya mwaka kwisha, vipeo 1279, 2203 na 2281 viliongezwa.

Mashine za kizazi hicho zilijulikana kwa kukosea. Hivyo, katika kipindi hiki uhakika uliegemea uangalifu wa mtu mmoja aliyekaa karibu na mashine yake. Kazi ya Hans Riesel, aliyepata 2^3217 − 1 kwa kompyuta ya BESK nchini Sweden mwaka 1957, na ile ya Donald Gillies, aliyepata namba tatu kwa ILLIAC II katika Chuo Kikuu cha Illinois mwaka 1963, zilifuata utaratibu huo.

Tukio la mwaka 1961 linastahili kutajwa kwa sababu lilizua swali ambalo lilirudi baadaye. Alexander Hurwitz alitumia kompyuta ya IBM 7090 na kupata namba mbili kwa mkupuo mmoja, za vipeo 4253 na 4423. Karatasi ya matokeo ilipangwa kwa namna ambayo alisoma kubwa kabla ya ndogo. John Selfridge alimuuliza kama namba ndogo iliwahi kuwa namba tasa kubwa kuliko zote zinazojulikana katika muda ambao mashine ilikwisha kuichapa lakini hakuna mtu aliyekuwa ameisoma. Swali lilionekana la mzaha. Hata hivyo, lilihoji kama ujuzi wa mashine ni ujuzi.

5.0 Mapinduzi ya Kuzidisha, 1965–1994

Katika kila hatua ya kipimo cha Lucas-Lehmer, kazi inayokula muda ni kuizidisha namba kubwa kwa yenyewe. Kwa njia inayofundishwa shuleni, namba inapoongezeka tarakimu mara mbili, kazi ya kuzidisha huongezeka mara nne. Kwa kuwa idadi ya hatua nayo huongezeka mara mbili, muda wote wa kipimo huzidi mara nane. Kwa kiwango hicho, utafutaji ungekwama mapema.

Njia ya kutokea ilipatikana nje ya uwanja wa namba tasa. Mwaka 1965 James Cooley na John Tukey walichapisha algorithimu ya haraka ya badiliko la Fourier, na mwaka 1971 Arnold Schönhage na Volker Strassen walionesha jinsi ya kuitumia kuzidisha namba nzima kubwa. Katika njia hii, namba hukatwa vipande, vipande hugeuzwa kwa badiliko la Fourier, huzidishwa kimoja kimoja, kisha hurudishwa katika hali ya awali. Kazi inakuwa kubwa kidogo tu kuliko urefu wa namba yenyewe. Mwaka 1994 Richard Crandall na Barry Fagin waliongeza uzani maalumu katika badiliko hilo, kiasi kwamba kupata baki kwa 2^p − 1 kulitokea ndani ya kuzidisha kwenyewe. Hapakuwa tena na haja ya kuongeza sifuri nyingi mwishoni mwa namba, na urefu wa badiliko ulipungua kwa nusu.

Faida hiyo ilikuja na hatari mpya. Badiliko la Fourier kwa kawaida hufanywa kwa namba zenye desimali, na kila desimali hukatwa mahali fulani. Majibu yanayopaswa kuwa namba nzima hutoka yakiwa karibu na namba nzima, na programu huyakadiria. Kadirio likienda kwa jirani asiye wake, kosa limeingia. Programu ziliwekewa kipimo cha tahadhari, yaani jibu likiwa mbali mno na namba nzima iliyo karibu nalo, hesabu husimamishwa au hurudiwa. Hapo mwandishi wa programu alilazimika kupima kati ya mambo mawili: vipande vikubwa huleta kasi, vipande vidogo huleta usalama.

Katika kipindi hichohicho, kompyuta kubwa za kampuni ya Cray zilitawala rekodi. Landon Curt Noll na Laura Nickel, wote wakiwa na umri wa miaka 18, walipata 2^21701 − 1 mwaka 1978 kwa kompyuta ya chuo kikuu huko Hayward, California. Mwaka uliofuata David Slowinski na Harry Nelson walipata 2^44497 − 1 kwa Cray-1. Slowinski aliendelea na vipeo 86243 mwaka 1982, 132049 mwaka 1983 na 216091 mwaka 1985. Programu yake ilitumiwa pia kukagua uzima wa mashine mpya kabla hazijakabidhiwa kwa wateja.

Mwaka 1988 Walter Colquitt na Luther Welsh waligundua kwamba 2^110503 − 1 ni tasa. Kipeo hicho kiko kati ya 86243 na 132049. Watafutaji waliotangulia waliruka mbele kutafuta rekodi na kuacha pengo, na namba tasa ilikuwa imelala ndani yake. Ugunduzi huo ulithibitisha kwamba rekodi na maarifa kamili si kitu kimoja. Orodha ya mafanikio haikuweza kueleza ni namba zipi zilikuwa zimepimwa, na nani, na kwa uangalifu gani.

6.0 Kompyuta za Watu Wengi na Kanuni ya Kurudia, 1996–2016

Mnamo Januari 1996 George Woltman, mwandaaji programu wa Marekani, alianzisha utafutaji wa pamoja wa namba tasa za Mersenne kwa njia ya intaneti, unaojulikana kwa kifupi cha GIMPS. Programu yake ya Prime95 iliandikwa kwa lugha ya asembli kwa ajili ya prosesa za Intel na ilitumia mbinu ya Crandall na Fagin. Mtu yeyote mwenye kompyuta ya mezani aliweza kuipakua na kuiacha ifanye kazi wakati mashine haina shughuli nyingine. Novemba mwaka huo Joel Armengaud alipata 2^1398269 − 1, yenye tarakimu 420,921. Mwaka 1997 Scott Kurowski aliunda mfumo wa seva uitwao PrimeNet, uliogawa kazi na kupokea majibu bila mkono wa mtu. Tarehe 1 Juni 1999 Nayan Hajratwala alipata 2^6972593 − 1, namba tasa ya kwanza kujulikana yenye zaidi ya tarakimu milioni moja, na kupewa tuzo ya dola 50,000 ya shirika la Electronic Frontier Foundation.

Ushiriki wa maelfu ya watu ulibadilisha swali la uhakika. Slowinski aliifahamu mashine yake. Woltman hakuweza kuzifahamu mashine za wajitoleaji: nyingine zilipata joto kupita kiasi, nyingine zilikuwa na kumbukumbu mbovu, nyingine ziliongezwa kasi na wenyewe kupita kiwango cha kiwandani. Suluhisho lilikuwa kurudia. Kila jibu lisilo 0 lilitumwa likiwa na biti 64 za mwisho za baki. Baadaye kipeo kilekile kilipewa kompyuta nyingine, na majibu mawili yakilingana, kipeo kilifungwa. Yasipolingana, mtu wa tatu aliamua. Ili kosa la programu lisijirudie kwa namna ileile katika majaribio yote mawili, kila jaribio lilianza na namba iliyosogezwa kwa idadi ya biti iliyochaguliwa kwa bahati nasibu, kiasi kwamba mashine mbili zilifikia baki moja kwa kuzidisha vipande tofauti.

Gharama ya kanuni hii ilikuwa kubwa, kwani ilidai kila kazi ifanywe mara mbili. Na kwa kuwa wajitoleaji walivutiwa zaidi na vipeo vipya, ukaguzi ulibaki nyuma kwa miaka. Namba 2^57885161 − 1 iligunduliwa Januari 2013. Hata hivyo, ilikuwa Oktoba 2021 ndipo ukaguzi wa vipeo vyote vilivyo chini yake ulipokamilika na ikaweza kusemwa kwa hakika kwamba ni namba tasa ya Mersenne ya 48 kwa mpangilio. Utasa wake ulithibitishwa mwaka 2013, lakini nafasi yake katika mpangilio ilisubiri zaidi ya miaka minane.

7.0 Makosa ya Maunzi na Makosa ya Mawasiliano

Programu za namba tasa ziliwahi pia kuwa mashahidi dhidi ya mashine. Mwaka 1994 Thomas Nicely, profesa wa hisabati huko Lynchburg, Virginia, alikuwa akikokotoa jumla inayohusu namba tasa pacha. Aliona majibu yasiyolingana kutoka kompyuta tofauti. Baada ya kuondoa uwezekano mmoja baada ya mwingine, alifuatilia chanzo hadi katika sehemu ya kugawanya ya prosesa ya Pentium. Kasoro hiyo iliilazimu Intel kukubali kubadilisha prosesa hizo, na gharama iliyotangazwa ilikuwa dola milioni 475. Mwaka 2016 historia ilijirudia kwa kiasi. Watumiaji wa Prime95 waligundua kwamba prosesa za kizazi cha Skylake zilikwama wakati wa kupima kipeo 14,942,209 kwa urefu fulani wa badiliko, na Intel ikakiri kasoro na kutoa marekebisho. Katika matukio yote mawili, hesabu isiyo na matumizi ya moja kwa moja ndiyo iliyofichua kasoro ambayo kazi za kila siku zilipita juu yake bila kuiona.

Tukio la tatu lilihusu mawasiliano. Tarehe 17 Septemba 2015 kompyuta moja iliyosimamiwa na Curtis Cooper wa Chuo Kikuu cha Central Missouri iliripoti kwa seva kwamba 2^74207281 − 1 ni tasa. Ujumbe wa kuwaarifu wasimamizi haukutumwa. Ripoti ilikaa katika hifadhidata hadi tarehe 7 Januari 2016, ilipoonekana wakati wa matengenezo ya kawaida. GIMPS huhesabu siku ya ugunduzi kuwa siku ambayo binadamu aliitambua. Kwa hiyo, tarehe rasmi ni ile ya Januari. Swali la Selfridge la mwaka 1961 lilipata jibu la kiutawala miaka 55 baadaye: mashine huhesabu, lakini anayejua ni mtu.

8.0 Jibu Linalobeba Uthibitisho Wake, 2017–2020

Mabadiliko makubwa zaidi katika historia hii hayakuongeza kasi ya kuzidisha. Yaligusa namna ya kukagua. Mwaka 2017 Robert Gerbicz alipendekeza njia ya kugundua makosa wakati hesabu ikiendelea. Njia hiyo haikufaa kwa kipimo cha Lucas-Lehmer, kwa sababu kutoa 2 katika kila hatua huvunja uhusiano wa kuzidisha ambao ukaguzi huo unautegemea. Ilifaa kwa kipimo cha Fermat, ambacho huzidisha tu. Katika kipimo hicho, 3 huzidishwa kwa yenyewe mara p, na kama 2^p − 1 ni tasa, baki la mwisho lazima liwe 9. Kwa 31, mfululizo ni 3, 9, 19, 20, 28, kisha 9.

Ukaguzi wa Gerbicz hufanyika hivi. Programu huweka alama kila baada ya hatua kadhaa, tuseme 1,000, na kuzizidisha pamoja thamani zote za alama kuanzia 3 ya mwanzo. Zao hilo likizidishwa kwa lenyewe mara 1,000 mfululizo, kisha likazidishwa kwa 3, lazima lilingane na zao jipya lenye alama moja zaidi. Lisipolingana, kosa limetokea, na programu hurudi mahali pa mwisho palipothibitishwa. Ukaguzi ukifanyika mara moja kwa kila hatua milioni, nyongeza ni hatua zipatazo 2,000, sawa na asilimia 0.2. Kwa gharama hiyo ndogo, kompyuta yenye kumbukumbu mbovu huweza kutoa jibu sahihi, ilimradi haikosei mfululizo.

Hata hivyo, ukaguzi huo ulimhakikishia mwenye mashine peke yake. Seva bado ililazimika kumwamini. Pengo hilo lilizibwa kwa kazi ya Krzysztof Pietrzak, aliyechapisha mwaka 2018 mbinu ya kuthibitisha kwamba mfululizo mrefu wa kuzidisha umefanywa kweli. Mpimaji hutoa thamani ya katikati ya mfululizo. Dai moja refu hugeuka kuwa madai mawili ya nusu, na madai hayo huunganishwa kuwa dai moja jipya kwa kutumia namba ambayo mpimaji hawezi kuichagua mwenyewe. Kila mzunguko hupunguza kazi ya mkaguzi kwa nusu. Mizunguko minane humwachia sehemu 1 kati ya 256, chini ya nusu ya asilimia moja. Mwaka 2020 mbinu hii iliingizwa katika Prime95 na katika GpuOwl, programu ya Mihai Preda inayotumia prosesa za michoro. Hapo kanuni ya kurudia kila kitu ilipoteza msingi wake, na vipimo vya mara ya kwanza vikahamia katika utaratibu huo mpya.

Mageuzi haya yana fundisho kwa mwanahistoria. Kipimo cha Fermat ni dhaifu kuliko cha Lucas-Lehmer kwa upande wa nadharia, kwani namba isiyo tasa inaweza kukifaulu. Kilipendelewa kwa sababu kinakagulika. Jumuiya ya watafutaji ilichagua jibu dhaifu lenye ushahidi kuliko jibu kamili lisilo na ushahidi, kisha ikakitunza kipimo kamili kwa ajili ya namba chache zinazofaulu cha kwanza.

9.0 Ugunduzi wa 2024 kama Mfano wa Utaratibu Mpya

Baada ya ugunduzi wa Desemba 2018 wa 2^82589933 − 1, ilipita karibu miaka sita bila namba mpya. Luke Durant, aliyewahi kufanya kazi katika kampuni ya Nvidia, alikodi prosesa za michoro katika vituo vya data 24 vilivyoenea katika nchi 17. Tarehe 11 Oktoba 2024 prosesa iliyokuwa Dublin, Ireland, iliripoti kwamba 2^136279841 − 1 imefaulu kipimo cha Fermat. Siku iliyofuata prosesa nyingine, iliyokuwa San Antonio, Texas, ilithibitisha utasa wake kwa kipimo cha Lucas-Lehmer. Kisha vipimo vingine vilirudiwa kwa programu tofauti na kwa mashine za aina tofauti kabla ya tangazo la tarehe 21 Oktoba. Namba hiyo ina tarakimu 41,024,320.

Masimulizi ya kasi yangesema kwamba huu ni ushindi wa prosesa za michoro dhidi ya kompyuta za nyumbani zilizoshika rekodi kwa miaka 28. Usemi huo ni kweli lakini haujakamilika. Kipimo cha Lucas-Lehmer kwa kipeo hicho kinadai hatua 136,279,839, na kila moja huzidisha namba ya mamilioni ya tarakimu. Mashine za kukodi, zilizo mbali na macho ya aliyezikodi, zisingetegemewa bila ukaguzi wa ndani na uthibitisho unaosafiri pamoja na jibu. Vilevile, idadi ya programu zilizotumika kukagua haikuwa pambo. Uthibitisho wa Pietrzak hulinda dhidi ya mashine iliyokosea au mtu aliyedanganya. Makosa ya mwandishi wa programu aliyekosea katika usanifu hukingwa kwa njia nyingine, ambayo ni programu zilizoandikwa na watu tofauti bila kunakiliana.

10.0 Hitimisho

Insha imeonesha kwamba programu za kupima namba tasa kubwa zilikua kwa njia mbili zilizokwenda sambamba. Njia ya kasi ilitoka katika nafasi 256 za kumbukumbu ya SWAC, ikapitia badiliko la Fourier na kompyuta za Cray, hadi kufikia prosesa za michoro. Njia ya uhakika ilianza na uangalifu wa mtu mmoja, ikafuata kanuni ya kurudia, na kufika kwenye uthibitisho unaokagulika kwa gharama ndogo. Njia ya pili ndiyo inayoamua kama matokeo ya njia ya kwanza ni maarifa. Orodha ya Mersenne ya mwaka 1644, pengo lililoificha 2^110503 − 1 na ripoti iliyolala katika hifadhidata mwaka 2015 ni sura za tatizo moja: dai la kihisabati huweza kupita katika mikono mingi bila mtu yeyote kuwajibika kulikagua.

Kwa hiyo, historia ya programu hizi haipaswi kuandikwa kama jedwali la rekodi pekee. Rekodi ya 2024 itavunjwa. Kitakachobaki ni utaratibu uliojengwa kuizunguka, ambao humwezesha mkaguzi mwenye kompyuta ya kawaida kuikagua kazi ya mashine asiyoijua, iliyoko nchi asiyowahi kufika, bila kulazimika kumwamini mwenye mashine.